Pazia la Nalongo

Kwa mara nyingine tena mchana ule, mwizi mwenye koti jeusi alichomeka ufunguo kwenye mlango wa chuma, na wapita njia wa Nyendo wakasimama barabarani wakiikodolea macho runinga.

"Mtazameni Bwana Koti!" Nalongo alinguruma kwenye kipaza sauti. "Ananyata kama aliyemwona mama mkwe! Mlinzi amekula matooke, amelala fofofo! Je, atatoka salama?"

Muuza ndizi za kuchoma aliliacha jiko lake, akasogea. Ndivyo mabanda ya video ya Nyendo yanavyonasa watu. Pazia la mlangoni huachwa wazi, filamu ya kusisimua inaanza bure, msimuliaji anaitia chumvi kwa Kiganda, na pale damu ya kwanza inapotaka kumwagika, pazia linashuka. Anayetaka kujua kilichotokea, atoe pesa aingie.

Lakini pazia la Nalongo halikushuka. Bwana Koti alitoka na kasha kubwa la chuma, gari likalia matairi, bunduki ikainuliwa, na hapo hapo Nalongo akairudisha filamu mwanzo.

"Aa, Nalongo! Si uendelee!"

"Bado. Banda halijajaa."

Lilikuwa limejaa pomoni. Watu walikuwa wamepakatana.

Tangu jenereta ya banda hilo iibwe, Nyendo ilikwisha kukata shauri nani mwizi. Mlango haukuvunjwa, kufuli halikuwa na mkwaruzo, na ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja tu: Kigongo, mdogo wake Nalongo, ambaye ndiye alikuwa msimuliaji wa banda. Polisi walimchukua akiwa bado na kipaza sauti mkononi. Kesho angepelekwa mahakamani. Naye Kaweesi, mwenye banda la ng'ambo ya barabara, alitangaza kwa spika zake kwamba kwa Nalongo sasa ni zizi la mbuzi, maana mwanamke hasimulii filamu.

"Mwambieni aje asikilize," Nalongo aliwajibu waliomletea umbea huo. Akaazima jenereta ya mchomeleaji vyuma, akakaza mshipi wa gauni lake la gomesi, akashika kipaza sauti cha mdogo wake. Benchi la mbele alimkalisha Afande Opio, yule yule aliyemtia Kigongo ndani, akampa na ndizi ya kuchoma. Watu walinong'ona kwamba mama wa watu anajikomba kwa polisi. Aliwasikia. Hasira alikuwa nayo tele, ila si ya kuwamwagia wao.

Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na utani wake haukuwa na adabu. Watu waliupenda kupita kiasi. Ng'ambo ya barabara, banda la Kaweesi likaanza kuvuja. Walitoka vijana wa bodaboda, wakafuata wachuuzi, mwisho akatoka hata mkata tiketi wake mwenyewe. Hapo Kaweesi akavuka barabara, tumbo mbele.

Nani asiyemjua Kaweesi? Kwenye mabanda yale mtazamaji akiona filamu imekosea hupiga kelele, msimuliaji humjibu, na mshindi hushangiliwa. Ndiyo nusu ya utamu. Kwa mchezo huo Kaweesi hakuwa na mpinzani. Alikuwa radhi alale njaa kuliko kuachia neno la mwisho liwe la mwingine.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza!" alipaza sauti toka mlangoni. "Nalongo, siku hizi unagawa filamu kama kahawa ya wageni?"

Kicheko kililipuka.

"Karibu, mzee Kaweesi. Mpisheni apite mpaka mbele, mgeni rasmi amefika." Akairudisha filamu mwanzo.

Bwana Koti akanyata. Ufunguo ukaingia.

"Bingwa wa wezi wote!" Nalongo alisema. "Hakuna mwizi duniani mwenye akili kumshinda huyu!"

"Akili gani?" Kaweesi alifyonza. "Mwizi wa ufunguo huyo ni karani. Mwizi mwenye akili hagusi mlango."

"Mjibu, Nalongo! Mjibu!"

"Sasa apite wapi, mzee? Tundu la panya?"

"Nyuma! Unang'oa bati moja, unaingia, ukitoka unalirudisha, misumari kwenye matundu yake yale yale. Asubuhi wajinga wote wanautolea macho mlango."

Akapigiwa makofi. Jua la alasiri lilikuwa likipenya kwenye matundu ya misumari ya bati la nyuma, na nyuzi za mwanga zikawaangukia watazamaji migongoni. Nalongo alikisogeza kipaza sauti mdomoni. Kisha akaangua kicheko, kile cha kumtoa mtu nguo hadharani.

"Jamani, mzee amezeeka! Haya, tuseme mwizi amejipenyeza, ingawa kwa tumbo kama hilo sijui. Na kasha je? Zito vile, lipite penye bati moja? Halipiti!"

"Halipiti!" banda likaitikia, watu wakigonga mabenchi. "Halipiti! Halipiti!"

Hata mkata tiketi wa Kaweesi alikuwa akigonga. Kaweesi alimwona. Jasho likamchuruzika, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Linapita!" alifoka mpaka sauti ya runinga ikamezwa. "Mbona jenereta yako ni nzito kuliko hilo kasha, na ilipita?"

Afande Opio aliiweka ndizi yake chini. Nalongo akanyoosha mkono, akashusha pazia.