Chai ya Mwenye Duka

Krina alisimamisha penseli kwa ncha juu ya kaunta ya duka la vitambaa, Kariakoo, lililojaa bidhaa za Dubai tangu biashara huria iruhusiwe.

"Sasa pande zote ni sawa," alimweleza profesa wake. "Ikianguka, ulinganifu umevunjika. Itaangukia wapi? Taarifa hiyo bado haipo popote. Ulimwengu nao, ulipoanza, ulianguka hivyo kutoka ulinganifu wake, chembe zikapata uzito."

Akaiachia, ikaanguka.

Mzee mwenye kandambili na shati lililochanika kwapani akawaletea chai, akitabasamu.

"Ndiye baba yako?" profesa akauliza.

"Hapana," Krina akajibu haraka. "Ni mwenye duka tu."

Baba yake alisikia. Uso wa Krina ukawaka kwa aibu, lakini hakujisahihisha.

Mzee aliweka vikombe taratibu, akachukua mkasi.

"Dada," akamwuliza Krina, "nikukatie mita ngapi?"