Trekta Lililoziba Njia ya Harusi

Matarumbeta yalinyamaza pale Anyitike alipotoa kichwa chini ya trekta na kuomba kimya. Alikuwa fundi wa matrekta mjini Tukuyu, na alitaka kuisikia pampu.

Trekta lenyewe lilikuwa kuukuu, mali ya Mzee Ambindwile, mkulima wa Lufingo. Lilikuwa limeziba njia nyembamba ya kupandia kanisani, upande wa kulia shamba la chai, kushoto bonde la migomba. Jembe lake la nyuma lilikuwa limeshuka lenyewe na kuuma udongo, na kila mzee alipoingiza gia, gia iliruka. Nyuma yake ulikwama msafara mzima wa bwana harusi: gari lenye maua, pikapu ya wapiga matarumbeta, na Hiace ya ndugu.

Mzee Ambindwile alimfuata Dennis, aliyesimama kando ya gari lenye maua akiwa na suti ya kijivu na ua kifuani. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, siku kama hii nimewaharibia."

Dennis akamwambia asijali, mitambo haina adabu.

Aliyejali ni Shangazi Sekela, kiongozi wa msafara. Mchungaji alikuwa na mazishi kijiji cha pili mchana huo, na alishatuma ujumbe kwamba wakichelewa, ndoa itafungwa Jumamosi nyingine. Na wali ulikuwa umeshaiva. Shangazi akamwambia Anyitike atoke humo chini, Tukuyu ina mafundi wengi na wengine leo hawana shughuli. Alipoona hatoki, akaamuru vijana walisukumie trekta kwenye chai. Wakasukuma. Jembe likazidi kuzama, na mpiga ngoma akapoteza kiatu.

Anyitike hakuwa na habari nao. Alikuwa ameazima koti la mvua la mzee, refu mpaka chini ya magoti, akalifunga vifungo vyote hadi shingoni, na sasa alikuwa akimhoji mwenye trekta kama daktari. Jembe lililegea ghafla au polepole? Polepole, mzee alisema, lilianza kuinuka kama mtu anayeumwa kiuno. Na trekta likipata moto? Likipata moto, jembe haliinuki kabisa. Gia je? Ilikuwa ikiruka kwenye mteremko tu, lakini leo imeruka hata mlimani.

Trekta likawashwa. Anyitike akachukua mwavuli wa Shangazi, akaisimamisha ncha yake juu ya giaboksi na kutega sikio kwenye mpini. Watu wakabana pumzi. Aliposema, "Inalia," wapiga matarumbeta walidhani trekta limepona, wakapuliza.

Wakanyamazishwa upya. Anyitike akaeleza kwamba pampu inalia kwa kuwa inavuta hewa. Kwenye trekta la aina hii, oili ya giaboksi ndiyo hiyo hiyo inayoinua jembe. Ikipungua, jembe ndilo linalotangulia kufa. Akachomoa kijiti cha kupimia. Kilitoka na oili kidogo nchani, yenye rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji ya mvua yalikuwa yameingia. Shangazi akasema chai ya maziwa ipo ya kutosha huko wanakokwenda.

Simu ya Dennis ikaita. Alikuwa Elina, bibi harusi, ambaye alishafika kanisani. Hakuuliza wako wapi. Muungurumo wa trekta aliusikia mwenyewe.

"Amelala chini yake?" aliuliza.

"Kabisa."

Elina akashusha pumzi. Akasema basi wamwache amalize, maana wakimtoa kabla hajaliona kosa, siku nzima hatakuwa na akili.

Kosa likaonekana. Nati ya chini, ile ya kumwagia oili, ilikuwa imegongwa na jiwe ikalegea. Anyitike akaikaza, bodaboda ikaleta madumu ya oili kutoka mjini, akajaza, akamwambia mzee ainue. Jembe likatetemeka, kisha likanyanyuka taratibu na bonge zima la barabara. Safari hii matarumbeta hayakulia. Yalikuwa yamekata tamaa.

Ikabaki gia. Springi ya kuishikilia ilikuwa imechoka, na kuibadilisha ni kazi ya siku nzima. Kwa hiyo Anyitike akapanda juu ya madigadi, akaikamata gia kwa mikono miwili isiruke, Mzee Ambindwile akashika usukani, na harusi ikapanda mlima nyuma ya jembe, ikimeza moshi.

Mchungaji walimkuta ameshashika mkoba wake. Dennis akaruka kutoka garini, akaingia kanisani mbio, akasimama mbele karibu na madhabahu, akijipangusa jasho. Anyitike alibaki nje akimsisitizia mzee kwamba oili yote ile imwagwe, iwekwe mpya, na asithubutu kulima kabla ya hapo.

"Ndaga fijo," mzee alisema, akimshukuru kwa kuinama, kisha akaomba koti lake.

Ndani, kwaya ilirudia ubeti wa mwisho huku mchungaji akimsubiri Anyitike anawe mikono. Alipomaliza, mchungaji akamsimamisha kati ya Elina na msimamizi wake, Dennis, na kumuuliza kama anakubali Elina awe mke wake.