Taarifa ya Habari ya Tamsin

Waziri alisema kwenye televisheni kwamba bei ya mayai imeanza kushuka.

"Labda kuku wa kwenu," nikamjibu, nimejilaza kwenye kochi na mabuti ya kazi miguuni.

Ikaja hali ya hewa. Mjini kwetu Ballarat, mvua tena. "Angalau wewe husemi uongo," nikamwambia mtangazaji.

Ndipo binti yangu Tamsin akaja kusimama mbele ya televisheni. Kichwa alikuwa amekitia ndani ya katoni aliyoitoboa dirisha, na uso wake ulikuwa mkavu kama wa mtangazaji hasa.

"Habari za jioni. Kwenye mashindano ya kuogelea ya shule, Tamsin ameshika nafasi ya tatu."

"Na mimi ni bingwa wa dunia," nikasema kabla sijafikiri.

Hakucheka. "Utepe wake wa kijani wa nafasi ya tatu uko kwenye mlango wa friji tangu Jumatatu. Baba yake hajasema neno."

Niligeuka. Utepe ulikuwepo, chini kabisa kwenye mlango wa friji. Nilikuwa nimeuteremsha kwa mkono wangu mwenyewe, nipate pa kubandika kalenda ya siku za gari la taka.

"Na sasa," akasema Tamsin, sauti ikianza kutetemeka, "hali ya hewa."