Mganda Uliosahauliwa

Wavunaji walikwisha kufika mbali Tirza alipouona mganda wa shayiri walioupita. Kwa sheria, mganda uliosahauliwa ni wa mjane, na mwenye shamba harudi kuuchukua. Tirza alikuwa mjane, na nyumbani hakukuwa na unga.

Kabla hajauinua, mwenye shamba akafika akihema, wavunaji wakimfuata nyuma, akaushika upande wa pili.

"Mama, huu sikuusahau. Niliuacha upumzike."

"Upumzike! Umechoka na nini, mzee wangu? Waliochoka ni wale."

Wavunaji wakacheka. Punje zikawadondokea wawili hao miguuni.

"Haya, apa mbele za Mungu kwamba ulikuwa unaukumbuka," Tirza akasema, "nami nitakuachia."

Mzee akafungua kinywa, akatazama juu, akakifunga.

Vidole vyake vikaanza kulegea, kimoja kimoja.