Mwili Ulioazimwa

Siku hizi wageni hawapandi mlima kwa miguu yao. Wanalala kwao ng'ambo, wanauvaa mwili wa mwenyeji na kukimbia nao kukizunguka kilele cha Kibo. Kutwa nzima Ndeshi hayumo mwilini mwake. Anazinduka jioni getini, visigino vinamuwaka moto.

Nyumbani, bintiye Aika alimkanda kwa maji ya uvuguvugu.

"Mama, theluji umeiona leo?"

"Nimeiona," Ndeshi alidanganya. "Nyeupe kama unga."

"Jana ulisema inang'aa kama kioo."

"Haya, mdadisi wewe, ni vyote viwili!"

Aika hakucheka. "Asubuhi ulipita hapa unakimbia. Nikakuita. Ukasimama, ukanipiga picha, ukaenda zako."

Ndeshi alitamani kuuliza kama angalau alitabasamu, lakini akaliogopa jibu.