Mfudu wa Jalalani

Ngiri alipenda kusifiwa kuliko kula. Mama yake mzee alikuwa akiungua na jua uani, akaomba mti mmoja tu wa kivuli. Mche wa mfudu ulikuwa umejiotea langoni. Ngiri akaung'oa, akautupa jalalani.

"Jirani, huo ungemfaa mama!" alisema Nungunungu, miiba ikianza kumsimama.

"Mti wa porini langoni kwangu? Nionekane mshamba?"

Akapanda miashoki sita, miti ya mapambo, mirefu, myembamba, imenyooka kama askari wa gwaride. Kila mpita njia aliisifu. Kivuli cha yote sita kilimtosha mjusi mmoja, tena ajibane.

"Mama anaungua, bwana!" alifoka Nungunungu.

"Subiri ikue."

Ikakua. Ikakua kwenda juu, juu tu. Nungunungu alikuwa ameshauokota ule mfudu, akaupanda kwake huku akinung'unika.

Miaka ikapita. Siku moja Ngiri aliona kigoda cha mama yake hakipo. Akamkuta kwa jirani, chini ya mti mpana, midomo myeusi kwa kula matunda yake, fudu.

Ngiri akatazama juu, akaduwaa. "Jirani, mti mzuri hivi umeuagiza nchi gani?"

Miiba yote ikamsimama Nungunungu. "Jalalani kwako, bwana! Jalalani kwako!"

Ngiri akainamisha kichwa. "Mama, turudi nyumbani."

Mama akasogeza kigoda karibu na shina. "Tangulia, mwanangu. Mimi nitakuja jua likishazama."