Jagi la Kitanda cha Sita

Shuka lilikuwa limelowa chepechepe, lakini halikunuka. Muuguzi alilinusa mara ya pili, akaguna. Miaka kumi na tisa alikuwa akibadilisha mashuka ya wazee, na mkojo aliujua.

"Bibi, umejikojolea tena?"

"Hata sijui, sista. Dawa ya asubuhi ikinilaza, nikiamka nimelowa." Bibi alijifunika uso kwa kiganja. "Niombee Alhamisi niamke mkavu. Nataka kwangu."

Machozi ya mamba, muuguzi aliwaza. Jagi la kunawia, alilolijaza mwenyewe asubuhi, lilikuwa limebaki nusu. Wazee wa namna hii aliwajua: wakishaonja kuhudumiwa, kuondoka hawataki. Lakini huyu alikuwa anacheza na moto. Daktari alishasema: Alhamisi akikutwa mkavu anarudi nyumbani, akikutwa amelowa anapelekwa makao ya wazee, basi.

Aliyemtia uchungu ni mwana wa Bibi. Kila asubuhi kabla ya kazi alifika na chupa ya chai, akakaa na mama yake mpaka usingizi umchukue, akamfunika blanketi kwa mikono yake, akaondoka kwa kunyata. Wodi nzima ilimsifu. Mtoto kama huyo, na mama anamchezea shere.

Alhamisi, asubuhi na mapema, muuguzi alimimina ndani ya jagi dawa ya zambarau, ile ya kupaka vidonda, ambayo ikikugusa utatembea nayo wiki nzima. Akarudisha kifuniko, akaenda zake.

Saa nne daktari alifika. Mwana, ambaye siku hiyo hakwenda kazini, alisimama kando ya kitanda, mikono mfukoni. Muuguzi alifunua blanketi. Shuka lilikuwa zambarau tupu.

"Haya, Bibi," alisema, roho yake imetulia. "Tuonyeshe mikono."

Bibi aliitoa. Ilikuwa safi, kuanzia kucha hadi viwiko. Muuguzi aliigeuzageuza.

"Mnamsumbua bure," mwana alisema. "Amelowa, si tumeona wote? Daktari, lete hiyo fomu ya makao niweke saini."

Akatoa mkono mfukoni kupokea kalamu.

Bibi ndiye aliyeuwahi. Aliushika, akavitazama vidole vya zambarau, akavipuliza taratibu.

"Pole, mwanangu," alisema. "Umeumia wapi?"